Pijo Hufia Nyang'ori

Kiboswa tumepita, Gambogi hatujafika. Ni pale pale,
jiwe lenye chokaa, mkaratusi mmoja:
mlima ukikaza, injini inakohoa mara tatu
kama mzee anayeomba nafasi kikaoni,
kisha kimya.
Ngoja dakika kumi. Washa.
Inawaka kana kwamba hukuiona ikifa.

Baba aliizoea. Alishuka,
akaweka jiwe nyuma ya gurudumu,
akamenya chungwa, akatema mbegu upande wa ziwa.
"Imechoka," alisema. "Hata wewe ungechoka."
Miaka ishirini na mitatu alimenya machungwa pale.

Nikarithi ufunguo, jeki, na swali.

Kibandani kwake, barabara ya Kibos,
Ogweno haulizi gari lina nini.
Huuliza: linakufaje?
Kwa kukatika, au kwa kufifia?
Kwa kufifia, nasema.
"Basi si moto. Moto hukatika kama uzi.
Hii ni njaa."

Akafungua kabureta juu ya gazeti la juzi.
Ndani ya kikombe, kutu laini kama unga wa wimbi.
Akaielekeza jeti juani,
tundu dogo kuliko jicho la omena,
akalipuliza kwa mdomo. Waya alikataa:
"Waya hupanua, na tundu likipanuka halirudi."
Sindano ya floti akaifyonza, ikamng'ang'ania ulimi. Nzima.
Dayaframu ya pampu ilikuwa na ufa; akaweka mpya.

Tukapanda. Kohoo, kohoo, kohoo.

Wakaja wenye kujua.
Ni mvuke, funga tambara bichi kwenye mrija.
Ni mvuke, bana vibanio vya nguo.
Tukabana vinane, boneti ikawa kamba ya kuanikia.
Ni hewa ya juu, nyepesi, punguza mafuta.
Binamu yangu Mudanya akasema marehemu hajaridhika
na upande tuliomlaza.
Kohoo, kohoo.

Ogweno akachomoa mrija, akapuliza kurudi nyuma,
sikio tangini, jicho amefumba.
"Kuna kitu humu. Kilaini.
Tambarare inakunywa taratibu, kitu kinalala.
Mlimani inavuta kwa kiu, kinaamka, kinaziba.
Ikifa, kinaachia. Ndiyo maana inafufuka."

Tukashusha tangi. Spoki ya baiskeli, ncha imepindwa ndoana.
Akavua robo saa, akitukana kwa Kiluo, kwa upole.
Kikatoka polepole, kikidondosha petroli:
kitambaa cha kichwa, naila, maua ya zambarau.

Ogweno akacheka hadi akaketi.
"Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema.
Wewe umeliwa na nguo yenyewe."

Mama alikipokea kwa mikono miwili.
Hakuuliza kimetoka wapi, harufu ilishasema.
"Mwaka wa themanini na nne," alisema,
"kifuniko cha tangi kiliibwa sokoni Luanda.
Baba yako alisema ameziba na gunia."
Akakikunja. Akakikunjua.
"Nilimwita Kageha mwizi. Wifi yangu.
Mbele ya watu, siku ya harambee, kipaza sauti kikiwa wazi."

Na baba, aliyekuwapo, akamenya chungwa.

Jumamosi tulitoka kabla ya umande kukauka.
Mama mbele, kitambaa kimefuliwa mara tano,
kimepigwa pasi, kimo ndani ya mfuko wa sukari,
na bado kinanuka kama kituo cha mafuta.
Hatukumpigia shangazi simu. Angesema hayupo.

Lile jiwe likatokea, chokaa imefifia.
Nikasikiliza. Hakuna kikohozi.
Mguu wangu ukalegea wenyewe, kwa mazoea,
nikatafuta pa kuegesha.

"Endesha," alisema mama, macho barabarani.
"Tukisimama hapa nitasema turudi."

Nikakanyaga.
Pijo ikanywa.